Kozi ya Kifarsi ya mtandaoni, miezi mitatu: sabjanktivu wameigeuza zimwi, kumbe ni "niende" yetu ile ile

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza watu wanaulizia. Dirhamu 290 kwa miezi mitatu, ndani yake unapata video 36, apu ya mazoezi kwenye simu, na darasa laivu mara mbili kwa wiki, dakika arobaini, na mwalimu alieko Iran. Nimemaliza wiki iliyopita, sijaruka video hata moja, kwahiyo haya siyo maneno ya mtu alieonja akatema. Jina la kozi siliweki, sababu mtaiona mbele kwenye habari ya kadi, sitaki kesi na mtu.

Mi ni mtu wa Tanga, niko Dubai mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ofisi ya kago hapa Deira, tunapokea mizigo ya watu tunaituma Dar na Mombasa. Wateja wetu wengi waswahili wenzetu ila majirani ni Wairani, ukitoka mlango wa nyuma tu umeingia kwenye maduka ya viungo, zafarani, limu omani (ndimu kavu), zabibu, na wazee wake wanaongea Kifarsi kutwa nzima. Kuna mzee mmoja ananiita pesaram, yaani mwanangu, mi namwita Haj Agha, bwana haji, kila siku chai yake lazima niinywe. Ndo yeye alienitia hamu ya kujifunza hii lugha, wazee wa kwetu walikua wakiita Kiajemi.

Sasa tuje kwenye kozi. Video 13 za mwanzo ziko poa, salamu, namba, rangi (rangi kwao ni rang, bustani ni bustan, chai ni chay, hapo mswahili unajiona kama unasoma lugha ya shangazi yako), vitenzi vya kawaida vinaanza na mi-, nawaandikia kwa matamshi ya mtaani: miram naenda, mikhoram nakula, mikham nataka. Raha tupu. Af unafika video ya 14, sabjanktivu, ile hali ya kitenzi ya kutaka, kuomba au kutokua na hakika.

Aisee. Video ina dakika 22 na dakika kama kumi na tano za mwanzo jamaa anawatuliza watu tu. Msiogope, vuteni pumzi, hapa ndo wengi wanaachia njiani, hii kitu kwenye Kiingereza imebaki mabaki, itabidi mfikiri upya kabisa, anaweka na mchoro wa mlima, na kakibonzo kanapanda mlima na begi. Nikasema basi leo ndo mwisho wangu. Nikaizima. Nikakaa siku mbili bila kufungua apu kabisa.

Kilichonirudisha ni aibu. Jioni moja niko dukani kwa Haj Agha nataka kuaga, nikamwambia kwa kujiamini, "mikham miram". Mzee akaweka kikombe chini akacheka mpaka akakohoa. "Beram, pesaram. Mikham beram." Nikarudia, mikham beram. Akatikisa kichwa, ndo hivyo. Natembea kurudi ofisini ndo kikanijia, yaani mi nilikua nimemwambia mzee wa watu "nataka naenda", na yeye kanirekebisha "nataka niende". Kitu kimeisha hapo. Video nzima ya mlima ilikua inazunguka neno moja ambalo mtoto wa chekechea Chumbageni, kwetu Tanga, analisema kila siku.

Ngoja niwawekee kama nilivyojiandikia kwenye daftari. Beram niende, beri uende, bere aende, berim twende, berin mwende, beran waende. Sisi tunabadilisha mkia, ile a ya mwisho inakua e, wao wanabadilisha kichwa, mi- inatoka be- inaingia. Kukataa, sisi tunatia -si-, nisiende, asiende, wao be- inatoka inaingia na-, naram, nare. Ukiuliza unafanyaje, chikar konam, nifanye nini. Ukiwaambia wenzio twendeni, berim. Ukisema lazima niende, bayad beram. Si lazima uende, lazem nist beri, na hiyo lazem ndo lazima yetu hii hii, wote tumeitoa kwa Mwarabu. Halafu jina lenyewe la hii hali kwa kisarufi chao ni eltezami, mzizi wake ndo huo huo wa lazima. Sasa niambie mtu wa pwani anaogopa nini hapo.

Na wala siyo beram peke yake. Kuna kipengele cha video ya 19 mpaka 21, tatu nzima, kuhusu ile ya kitu kilichokwisha fanyika lakini huna hakika nacho, rafte bashe. Jamaa anachora mistari ya wakati, mishale huku na huku, mi nimeangalia mfano wa kwanza nikacheka mwenyewe kitandani. Rafte ni alieenda, bashe ni awe. Rafte bashe, awe ameenda. Shayad rafte bashe, labda awe ameshaenda. Ndo hivyo bana, tumeweka kuwa pamoja na kitenzi kilichoisha, wao na sisi tofauti ni nani katangulia. Hata "kuwa na" inakwenda hivyo, huwezi kusema bedaram, wao wanasema dashte basham, na sisi hatuna kitenzi chenyewe cha kumiliki tunasema niwe na, pasipoti dashte bashi, uwe na pasipoti. Wote tumemkimbilia "kuwa" atusaidie.

Ila nisiwadanganye kwamba yote ni mteremko, kuna sehemu Kiswahili chako ndo kinakuponza na kozi haikuambii kwasababu kozi haijui kama upo. Mimi zimenila tatu.

Ya kwanza, sisi tunapenda "nataka kwenda", "naweza kufanya", tunaweka ku-. Kwao ukishasema nataka au naweza kinachofata lazima kiwe na be-, mikham beram, mitunam beram, hata kama ni wewe mwenyewe unaetaka na wewe mwenyewe unaekwenda. Mi nilikua naandika mikham raftan, apu inanipiga nyekundu, sijui kwanini, inasema tu kosa jaribu tena. Dawa niliyoipata ni kufikiri kwa lugha ya bibi yangu, yeye hasemi nataka kwenda sokoni, anasema nataka nende sokoni. Fata bibi, umepona.

Ya pili, labda na kabla. Sisi labda tunaiachia iende na lolote, labda atakuja, labda anakuja. Shayad ya maana hiyo wao wanaipeleka na be-, shayad biyad. Kabla ndo kabisa, sisi tunasema kabla sijaenda, kwao ghabl az inke beram, kabla ya kuwa niende, hakuna cha kukanusha pale. Nilishamuandikia mwalimu ghabl az inke naram, akanijibu na vicheko vitatu.

Ya tatu ni -ki-. Akija nitamwambia. Hatuna habari na e pale. Wao, age biyad behesh migam, yaani kama aje namwambia. Mpaka leo hii nateleza.

Sasa apu. Apu ndo kitu kibovu kuliko vyote kwenye hii kozi, bora niseme wazi. Kifarsi kina vitenzi vya kuunga, neno halafu kardan, kufanya, kar kardan ni kufanya kazi, sohbat kardan kuongea, fekr kardan kufikiri. Kwenye hivi ile be- watu wanaiangusha sana, unasema kar konam, nifanye kazi, siyo lazima kar bekonam, zote sawa. Apu inajua moja tu. Nimeandika kar konam, nyekundu. Nimemuuliza Haj Agha, kar konam. Nimemuuliza mwalimu, kar konam, na bekonam pia haina kosa. Nimerudi kwenye apu, nyekundu. Kwizi ya sura ya 16 nimepata asilimia 40 na yote niliyokosa mwalimu kanipa vema. Halafu kuna bargardam, nirudi, haibebi be- kabisa, na basham niwe, haibebi, hawa ni kama sisi na nisafiri na nifikiri, hazina e na wala hamna anaelalamika, ila kozi imewaweka kwenye ukurasa wenye alama ya hatari ya rangi ya chungwa utadhani ni sumu ya panya.

Kitu kingine, video zote ni Kifarsi cha kuandika. Beravam, mikhaham, mitavanam, bashad. Mtaani hakuna mtu anaongea hivyo, mtaani ni beram, mikham, mitunam, bashe. Mi wiki za mwanzo nilikua naingia dukani na mikhaham beravam, muuzaji mmoja kijana akaniuliza kama nasoma taarifa ya habari. Ni kama mgeni aingie Kariakoo aulize "je, ningeweza kupatiwa nyanya?" Watakuuzia, ila bei wataipandisha.

Na maandishi. Mpaka video ya 10 wanakuwekea herufi za kizungu, baada ya hapo zinatoka ghafla. Sisi tuliopita chuoni, madrasa, herufi za Kiarabu tunazijua, ila tumezoea irabu juu na chini, na Wairani irabu hizo hawaweki, ile e ya be- haionekani, unaona b imeshikana na neno basi. Zile herufi nne za ziada, p na ch na g na zh, nazo wamezipitia kama dakika tatu. Ilibidi nikae mwenyewe usiku na daftari.

Sasa niwape haki yao, darasa laivu. Hapo pesa yangu naiona. Mwalimu ni mama mmoja wa mji wa Shiraz, mtulivu, haharakishi, na siku niliyomwambia kwetu pwani kuna watu wanajiita Washirazi na kule Makunduchi Zanzibar kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, wanauita pia Nairuzi, kama Noruzi yao, alisimamisha somo zima, akaita na mumewe aje asikie. Toka siku hiyo akawa ananifundisha kwa kuniuliza kwanza, "kwa lugha yako unasemaje?", namwambia, ndo anaendelea. Yeye ndo alienifundisha kwamba hiyo be- ndo inayobeba mkazo, BEram, siyo beRAM, na ile na- ya kukataa hivyo hivyo, kitu ambacho video 36 hazikutaja hata mara moja na ndo sababu nilikua siwasikii watu wakiongea haraka.

Na yeye ndo alieniokoa na aibu nyingine. Kila jioni tukifunga ofisi majirani wanapita wananiambia khaste nabashi. Khaste najua ni kuchoka. Mi nikajua naulizwa kama nimechoka, nikawa najibu na, khaste nistam, hapana sijachoka. Wiki tatu. Kila siku. Watu wanatabasamu wanapita. Siku nimemsimulia mwalimu akaficha uso na daftari. Kumbe nabashi ni usiwe, khaste nabashi, usiwe mchoka, ndo pole na kazi yao. Unajibu salamat bashi, uwe salama. Yaani sabjanktivu ilikua inapita mlangoni kwangu kila jioni kunisalimia mi naijibu ovyo.

Baada ya hapo akanipa somo zima la maneno ya adabu na ndo somo bora kuliko yote niliyolipia. Mtu amekupa kitu, dastet dard nakone, mkono wako usiume. Yeye anakujibu saret dard nakone, kichwa chako kisiume. Mtu kataja balaa, khoda nakone, Mungu asifanye, sisi tungesema Mungu apishe mbali. Kamtaja marehemu, khoda biyamorze, Mungu amrehemu. Wanaopendana wanaambiana ghorbunet beram, niende niwe kafara yako, na wanaambiana hivyo hata kwenye simu ya kuulizana kitunguu kimeisha au bado. Kote humo ni ile ile be- na na-. Kuna na moja ya kizamani, har che bada bad, mwalimu akahangaika kuieleza kwa Kiingereza, na mi nikamwambia subiri, hii tunayo: liwalo na liwe. Akaiandika kwenye daftari lake.

Lawama kwa laivu ni ndogo. Saa. Iran iko nusu saa nyuma ya Dubai, nusu saa siyo saa nzima, na ratiba ya kozi wanaiandika kwa saa za Tehran bila kukuambia. Darasa la kwanza nimeingia saa mbili usiku nimekaa peke yangu naangalia sura yangu, saa mbili na robo nikaandika meseji ya ukali, saa mbili na nusu mwalimu huyu kaingia anacheka, kwake ndo saa mbili kamili. Intaneti ya kule nayo ikikatika imekatika, vipindi vitatu vimepotea na viwili tu ndo vimefidiwa.

Na siku za wiki, hii siyo kosa lao lakini mswahili chukua tahadhari. Wao kama sisi wanahesabu kutoka Jumamosi, shanbe, ila sisi Jumamosi yenyewe ndo mosi, wao moja ni Jumapili, yekshanbe. Do ni mbili. Haj Agha akaniambia mikham doshanbe bar ro biyaram, nataka mzigo niulete doshanbe. Biyaram, nilete, nimeishika saa hiyo hiyo, nimejipongeza kabisa moyoni sabjanktivu sasa naisikia, doshanbe nikahesabu mbili nikasema Jumapili. Jumapili ni ofu yangu. Nikaja nikafungua ofisi, nikakaa mpaka adhuhuri peke yangu na feni. Jumatatu asubuhi mzee huyu hapa na toroli lake na katoni sita za limu. Doshanbe ni Jumatatu. Khaste nabashi, ananiambia.

Habari ya kadi sasa. Miezi mitatu imeisha, sijasema naendelea, nimeona meseji ya benki dirhamu 290 zimekatwa tena. Kwenye masharti kuna mstari wa herufi za mchwa unasema usipojitoa siku saba kabla wanajua unaendelea. Nimetuma imeli, siku sita kimya, ya saba wamenirudishia nusu na kusema nusu nyingine ni "kredi". Sikuitaka kredi. Kwahiyo ukijiunga, siku ile ile unayolipa nenda kwenye akaunti uzime hayo malipo yanayojikata yenyewe, usisubiri.

Nyota zangu. Video nazipa mbili na nusu, kwa mtu asiejua Kiswahili labda zinafaa, kwa sisi nusu ya maneno ni kutishwa. Apu moja. Mwalimu tano, na ingekuepo ya sita ningempa. Ukiwa unajua Kiingereza cha kutosha kufata video na una mtu wa kuongea nae mtaani, chukua kozi, ila ukifika video ya 14 ruka dakika kumi na tano za mwanzo, andika pembeni niende uende aende, halafu endelea. Ukiwa uko Dar au Mombasa huna Muirani wa kukucheka, mi sioni kama itakukaa.

Hiyo kredi nimeamua niitumie tu kwenye leveli ya pili, imeshakua hasara nifanyeje, chikar konam. Darasa la kwanza ni seshanbe. Nimehesabu kwa vidole mara mbili na nimemuuliza na Haj Agha: Jumanne.